Kwa nini daktari anatuliza kinga ya mtu mwenye vifuko vya minyoo kwenye ubongo?

Swali limetoka kwa msomaji wa Tanga: "Shikamoo daktari. Kaka yangu ana miaka 38, ni dereva wa lori, njia yake ni Dar hadi Tunduma. Hajawahi kuugua kifafa. Mwezi uliopita alianguka, akakakamaa, akatoka povu. Picha ya CT imeonyesha vifuko viwili vya minyoo kwenye ubongo. Kimoja kina nukta ndani, cha pili kina pete nyeupe na uvimbe pembeni, na kuna madoa matatu meupe ya chokaa. Amepewa dawa ya kifafa na prednisoloni, na kaambiwa albendazoli ataanza baada ya siku chache. Mjomba wetu, ambaye ni tabibu mstaafu, anasema prednisoloni inashusha kinga, sasa minyoo si itastarehe? Halafu sisi ni Waislamu, kaka hajawahi kugusa nguruwe, imewezekanaje? Na kama vifuko vina siku nyingi, kinga yake ilikuwa wapi muda wote huo?"

Marahaba, dada yangu, na pole kwa kuuguza. Jibu la msingi nalitoa mapema: kilichomwangusha kaka yako, kwa sehemu kubwa, ni kinga yake mwenyewe ikiushambulia mnyoo unaokufa. Ule ulio hai ulikuwa umetulia. Daktari wake anajua kwamba albendazoli itakiua kifuko kilichobaki hai, na kwamba kifo hicho kitaamsha vita vingine ndani ya fuvu, mahali ambapo hakuna nafasi ya kuvimba. Kwa hiyo anatanguliza dawa ya kupunguza makali ya vita. Mjomba yuko sahihi kwamba prednisoloni inashusha kinga. Alipoteleza ni kudhani kwamba kinga kali ni heri kila wakati na mahali popote mwilini.

Nianze na la nguruwe, maana najua ndilo linalowapa aibu. Tegu wa nguruwe, Taenia solium, huishi kwa sura mbili. Mtu akila kitimoto isiyoiva yenye vifuko vya lava, yaani watoto wa mnyoo, anapata tegu mzima tumboni, mnyoo bapa wa mita kadhaa unaong'ang'ania ukuta wa utumbo na kuachia vipande vilivyojaa mayai, vinavyotoka na choo. Mara nyingi mtu huyo hajisikii lolote. Ugonjwa wa kaka yako ni mwingine: unaletwa na mayai yenyewe, na mayai hayo hutoka kwenye kinyesi cha binadamu mwenye tegu. Yanapita kwenye mkono usionawa, kwenye kachumbari, kwenye maji ya kisima kilicho jirani na kichaka kinachotumika kama choo. Nguruwe akiyala, vifuko vinaota kwenye nyama yake. Mtu akiyala, vinaota kwenye misuli yake, macho yake au ubongo wake. Hapo mtu amesimama mahali pa nguruwe katika mzunguko wa tegu, na haihitaji awe amewahi hata kunusa moshi wa kitimoto.

Mwaka 1992 madaktari wa New York waliripoti wagonjwa wanne wenye vifuko hivi ubongoni, wote wa jamii ya Wayahudi wa Orthodox, watu ambao kwao nguruwe ni haramu kama kwetu. Walipopimwa wafanyakazi wa ndani wa nyumba hizo, waliotoka Amerika ya Kilatini ambako tegu huyu ni wa kawaida, mmoja alikutwa na tegu hai tumboni. Kaka yako amekula njiani miaka mingi, na barabara yake inapita Nyanda za Juu Kusini, ambako nguruwe ni wengi na baadhi huachwa wazurure. Lakini msiwatupie lawama mama ntilie wa Mbozi wala wa Tunduma kabla ya kupima. Mwenye tegu anaweza kuwa utingo wake, na anaweza kuwa mtu mnayekula naye nyumbani.

Sasa tuje kwenye kinga. Yai likifika kwenye utumbo mdogo linapasuka, kinatoka kiinitete chenye kulabu sita, kidogo kiasi cha kutoonekana kwa macho, kinatoboa ukuta wa utumbo na kuingia kwenye damu. Hapo ndipo kinga ina uwezo wa kweli juu yake. Kingamwili zikiwapo, zinakigandama, zinaita kundi la protini za damu ziitwazo komplimenti, na kiinitete kinakufa. Ila kwa mtu anayekutana na mayai haya kwa mara ya kwanza, kingamwili hizo hazipo. Mwili unahitaji wiki kadhaa kuzitengeneza za kutosha, na kiinitete hakisubiri. Kinakuwa kimeshafikia misuli au ubongo na kuanza kubadilika, na baada ya miezi miwili au mitatu kimekuwa kifuko kamili cha maji maangavu, ukubwa wa njegere hivi, chenye kichwa cha mnyoo kilichokunjwa ndani. Jeshi linapofika, adui amekwisha kuvua zile nguo alizotambulika nazo.

Ushahidi mzuri wa jambo hili uko kwa nguruwe. Chanjo iitwayo TSOL18, iliyotokana na kazi ya Marshall Lightowlers na wenzake huko Melbourne, Australia, imetengenezwa kwa protini ya kiinitete hicho cha kulabu sita. Nguruwe aliyechanjwa ana kingamwili kabla yai halijaingia, na kinga anayopata ni karibu kamili. Chanjo hiyo imejaribiwa vijijini hapa Tanzania pia, ikiambatana na dawa ya minyoo ya oksifendazoli, na sababu ya kuambatanishwa ndiyo inayotuhusu: kifuko kilichokwisha kukaa kwenye nyama hakiguswi na chanjo. Nguruwe ana kingamwili tele damuni, na kifuko kiko palepale. Kwa binadamu chanjo ya namna hiyo haitumiki.

Kifuko kilichokomaa kina ujanja wake. Kinatoa protini iitwayo paramiosini, inayoikamata sehemu ya kwanza kabisa ya komplimenti, ile inayotakiwa kuwasha mnyororo mzima, hivyo mnyororo hauwaki. Kinatoa protini nyingine zinazovuruga kazi ya chembe nyeupe zinazoitwa seli T. Kinatoa prostaglandini, na mazingira yanayokizunguka yanajaa ishara za kutuliza, kama ile ya interleukini-10, ambazo mwili wenyewe huzitumia kuzuia kinga isipitilize. Na kuna hili ambalo mimi hunistaajabisha kila ninapolieleza: juu ya ngozi ya kifuko hai hukutwa kingamwili za mgonjwa, nyingi, na kifuko kinazimeza. Inadhaniwa kinazimeng'enya na kuzila. Silaha imegeuka kitoweo.

Mahali penyewe pia panakisaidia. Ubongo una ukuta kati yake na damu, na chembe za kinga haziingii humo ovyo kama zinavyoingia kwenye kidonda cha mguu. Si kwamba ubongo hauna kinga. Una walinzi wake, maikroglia na astrositi, na mwaka 2015 watafiti walionyesha kwamba kwenye utando unaoufunika kuna mishipa ya limfu inayopeleka taarifa hadi kwenye tezi za shingoni, jambo ambalo vitabu tulivyosomea vilikanusha. Lakini kwa jumla kinga ya ubongo imepangwa iwe na subira, kwa sababu seli za fahamu zikifa hazioti upya kama ngozi. Mnyoo unaotaka kukaa kimya umepata nyumba inayopenda ukimya.

Ndiyo maana mtu anaendesha lori miaka na kifuko kichwani bila hata kuumwa kichwa. Waingereza walilijua hili kupitia askari wao waliotumikia India, wakarudi kwao ambako tegu huyo alikuwa amekwisha kutoweka, kisha wakaanza kuanguka kifafa. Mwaka 1961 madaktari wa jeshi walichapisha habari za askari 450. Wengi wao dalili zilianza ndani ya miaka 7 tangu waambukizwe, na kwa wachache ilichukua hadi miaka 30. Kwa hiyo msipoteze usingizi kutafuta kaka alikula wapi mwezi uliopita. Yai lililoleta kifuko hiki huenda alilimeza akiwa bado utingo.

Picha ya CT mliyonayo inaonyesha mambo haya yote kwa pamoja. Kifuko chenye nukta ni kile kilicho hai: duara jeusi, kwa sababu ni maji, na nukta nyeupe ndani ni kichwa cha mnyoo. Tazama pembeni yake, tishu ya ubongo iko kawaida. Hakuna vita hapo. Cha pili, chenye pete nyeupe, ndicho kinachokufa, ama kwa uzee wake au kwa sababu kinga hatimaye imepenya. Maji yake yamekuwa mazito, ngozi yake imeanza kuvuja, na protini zilizokuwa zimefichwa ndani zinamwagika. Kinga inazinusa kwa mara ya kwanza kwa wingi kiasi hicho. Zinakuja chembe za kinga za kila aina, limfositi, makrofaji, eosinofili, zinajenga ukuta kukizunguka kifuko. Mishipa midogo ya damu ya hapo inalegea na kuvujisha maji. Ile pete ni dawa ya kung'arisha mliyomwona akichomwa mshipani kabla ya picha ya pili, iliyopenya kwenye mishipa hiyo iliyolegea, na kivuli cheusi kinachoizunguka ni maji ya uvimbe. Nikiambiwa nioneshe kwa kidole mahali kifafa kilipoanzia, nitagusa hapo.

Yale madoa matatu meupe ni makaburi ya vifuko vya zamani. Kinga ilimaliza kazi, ikaacha kovu, kovu likashika chokaa. Maana yake ni kwamba kaka yako amewahi kupigana vita hivi angalau mara tatu bila kujua. Labda usiku mmoja aliumwa kichwa, akameza panado, akalala. Basi kinga yake haikuwa likizo. Imekuwa ikishinda kifuko kimoja kimoja, kwa mwendo wake, na safari hii ushindi umetokea karibu na sehemu ya ubongo isiyovumilia fujo.

Kwa nini uvimbe ulete degedege? Sehemu ya jibu ni kemikali ambazo chembe za kinga zinazitoa. Mojawapo inaitwa substansi P. Imekutwa ndani ya uvimbe wa aina hii uliotolewa kwenye ubongo wa wagonjwa, na panya waliodungwa majimaji ya uvimbe wa namna hiyo walipata degedege, isipokuwa pale substansi P ilipozuiwa. Ila nisikupe picha ya mnyoo asiye na hatia kabisa. Katika miaka ya karibuni watafiti wakiwamo wa Chuo Kikuu cha Cape Town wameonyesha kwamba lava za tegu zina glutameti nyingi, kemikali ileile ambayo seli za ubongo huitumia kuamshana, na kwamba yenyewe inaweza kuzisisimua seli hizo. Kwa hiyo nikisema kinga ndiyo iliyomwangusha, nasema mchango mkubwa, sisemi wote.

Na hapa nimjibu mjomba kwa heshima yake, maana hofu yake imetoka kwenye jambo la kweli. Kuna vimelea vya ubongoni ambavyo dawa za steroidi kama prednisoloni hazifai. Malaria ya ubongo ni mfano. Kule kimelea hakiingii kwenye tishu ya ubongo, ila chembe nyekundu zenye malaria zinanata ndani ya mishipa midogo na kuiziba. Mwaka 1982 David Warrell na wenzake walitoa matokeo ya Thailand: wagonjwa 100 waliopoteza fahamu kwa malaria, nusu wakipewa deksamethasoni, steroidi nyingine ya jamii ya prednisoloni. Haikuokoa maisha zaidi, waliopewa walikaa muda mrefu zaidi bila fahamu, na walipata matatizo mengi zaidi. Tangu hapo tuliacha. Toksoplazma nayo ni kinyume cha tegu: imejificha ubongoni kwa watu wengi mno duniani, na kinga inaizuia isiamke. Mgonjwa wa UKIMWI ambaye CD4 zake, zile chembe za kinga zinazohesabiwa kliniki, zimeshuka chini ya 100 ndiye inayemwamkia, na tiba yake ya kudumu ni kuirudisha kinga juu.

Lakini upo pia mfano unaoegemea upande wa daktari wenu, na umetoka jirani, Kongo. Homa ya malale ikishaingia ubongoni ilikuwa ikitibiwa kwa melasoproli, dawa yenye aseniki. Kati ya wagonjwa 100, watano hadi kumi walipata mlipuko wa ubongo, yaani ubongo kuvurugika ghafla, katikati ya tiba, na karibu nusu ya hao walikufa, wengine wakiwa tayari wanaelekea kupona. Katika hospitali ya Nioki, Zaire ya wakati ule, Jacques Pépin na wenzake waliwafuatilia wagonjwa karibu 600, wengine wakipewa prednisoloni pamoja na dawa hiyo, wengine bila. Waliopewa prednisoloni walipata mlipuko huo mara chache zaidi. Matokeo yalitoka mwaka 1989. Siku hizi malale ya Kongo ina vidonge vya feksinidazoli na masuala hayo yamebaki historia, ila mantiki ndiyo hii ya kaka yako.

Kwa tegu mabishano yalikuwa marefu. Kwa miaka mingi madaktari wazima kabisa walisema tusiviue vifuko, tuviache vife vyenyewe, maana kila tukiviua mgonjwa anaanguka wiki ya kwanza. Hoja yao haikuwa ya kijinga. Uzito uligeuka mwaka 2004, pale Hector Garcia na wenzake wa Peru walipowafuatilia wagonjwa 120 wenye vifuko hai. Waliopewa albendazoli pamoja na deksamethasoni walipata degedege za mwili mzima pungufu kwa asilimia 67 baadaye, wakilinganishwa na waliopewa dawa bandia. Angalia hapo: albendazoli haikutolewa peke yake. Hadi leo maelekezo ya tiba ni hayohayo, steroidi inatangulia, dawa ya minyoo inafuata, na steroidi haikatwi ghafla, inashushwa taratibu.

Prednisoloni kwa kiasi hicho haizimi kinga. Inaziba ile mishipa inayovuja, inapunguza idadi ya chembe zinazoingia, inashusha zile kemikali. Kifuko hakipati nafuu yoyote kwa hilo, kwa sababu kinachokiua ni albendazoli, ambayo inafanya kazi bila kusubiri msaada wa kinga.

Hatari ya prednisoloni iko kwingine, na kama mjomba anataka kumbana daktari kwa maswali, ambane hapa. Je, kaka amepimwa strongiloidi? Ni mnyoo mdogo wa tumboni, upo sana kwetu, na mtu akipewa steroidi unaweza kuzaliana bila breki na kusambaa mwili mzima hadi kuua. Kama hakuna kipimo, madaktari wengi hutoa ivamektini mapema. Je, kifua kikuu kimeangaliwa? Kinaweza kulala mwilini na steroidi ikakiamsha, na zaidi ya hapo, TB ya ubongo nayo huonyesha pete nyeupe kwenye CT, kwa hiyo kipimo hicho kina kazi mbili. Je, VVU? Sukari? Na macho yamechunguzwa kwa kifaa? Kifuko kikiwa ndani ya jicho, albendazoli itakiua, kinga itakimbilia huko, na jicho linaweza kupofuka. Ikiwa ubongo mzima umevimba, au maji ya ubongo yameziba njia, dawa ya minyoo haitolewi kabisa hadi presha ya ndani ya fuvu ishughulikiwe. Kwa maelezo ya picha yenu kaka hayuko huko, ila anayeona picha ndiye mwenye kusema.

Mtu akiwaambia mkanunue "dawa ya minyoo" duka la dawa mumpe kaka usiku huohuo, katalieni. Kile kidonge kimoja cha miligramu 400 wanachopewa watoto shuleni ni kwa minyoo ya tumbo. Kwa vifuko vya ubongo kiwango ni miligramu 15 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, isizidi 1200, zikigawanywa mara mbili, kwa siku 10 hadi 14, na zimezwe pamoja na chakula chenye mafuta kwa sababu bila mafuta dawa hiyo haifyonzwi vizuri. Vifuko hai vikizidi viwili huongezwa prazikwanteli. Hiyo prazikwanteli ndiyo wanayogawa kwa kichocho, nayo inapenya ubongoni. Imewahi kutokea mtu akaimeza kwa ajili ya kichocho, akaanguka kifafa baada ya hapo, kumbe alikuwa na vifuko asivyovijua. Kila mtu wa nyumbani mwenye historia ya kifafa aseme kabla hajapokea dawa hiyo. Na muulizeni daktari kuhusu dawa ya kifafa aliyompa: fenitoini, kabamazepini na fenobabitoni zinaharakisha ini kuvunja dawa, hivyo zinapunguza kiasi cha albendazoli na prednisoloni kinachobaki damuni. Hazikatazwi, ila ajue.

Mtasikia pia habari ya kipimo cha damu. Kiko cha aina mbili na watu wanavichanganya. Kimoja kinatafuta kingamwili, yaani kumbukumbu ya mwili kwamba uliwahi kukutana na mnyoo. Kingine kinatafuta chembechembe za mnyoo wenyewe, zinazotoka kwenye kifuko hai. Huko Mbozi watafiti walipima watu 830 wa vijijini kwa vipimo vyote viwili. Wenye kingamwili walikuwa asilimia 45, wenye chembechembe za mnyoo asilimia 16 na nukta. Pengo hilo ni kubwa, na sehemu yake kubwa kiasi ni watu walioguswa na mayai na kinga yao ikayamaliza, au vifuko vyao vikafa kimya. Kwa hiyo mke wa kaka akipima na kuambiwa ana kingamwili, asianze kuandika wosia. Na kaka akipimwa ikasoma hana, CT bado ndiyo yenye neno, kwa sababu mwenye kifuko kimoja au viwili mara nyingi kipimo cha damu humkosa.

Kaka yako si wa ajabu. Huko Haydom, wilayani Mbulu, watu wenye kifafa walipopigwa CT, karibu mmoja kati ya sita alikuwa na dalili za vifuko hivi, na Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kwenye maeneo yenye tegu huyu, kiasi cha asilimia 30 ya kifafa chanzo chake ni yeye. Wengi wao wameambiwa wamerogwa. Wengine wameungua motoni watu wakitazama kwa kuogopa kugusa povu. Povu la kifafa haliambukizi. Akianguka tena mlazeni ubavu, ondoeni vitu vigumu karibu, msimtie kijiko wala kidole mdomoni, na ikipita dakika tano hajatulia, hospitali.

Wote mnaokula chungu kimoja pimeni choo, pamoja na utingo wake, na kaka mwenyewe. Darubini peke yake hukosa wengi, basi elezeni maabara mnatafuta tegu, na mpeleke sampuli zaidi ya moja. Atakayekutwa naye anatibiwa kwa dozi moja, na kama iko niklosamidi ni bora zaidi kwa mtu anayeshukiwa kuwa na vifuko, kwa sababu haifyonzwi, inabaki tumboni na haiendi kuchokoza kilicho kichwani.

Hukuuliza, ila najua unataka kujua kama atapona. Vifuko hivi viwili vina nafasi nzuri ya kuisha. Picha irudiwe baada ya miezi sita. Baadhi ya makovu ya chokaa huvimba tena mara mojamoja, kinga ikirudi kuyanusa, na hilo huleta degedege bila kuwapo mnyoo hata mmoja aliye hai. Kwa sababu hiyo dawa ya kifafa asiikate eti kwa kuwa minyoo imekufa. Kwa mwenye makovu kama yeye huwa tunakwenda miaka miwili au zaidi bila degedege ndipo tunafikiria kuipunguza, tena taratibu.

Na lori aliache. Najua ndilo linalowalisha, na najua atasema anajisikia mzima, lakini degedege ya pili ikimkuta kwenye mteremko wa Kitonga na tani 30 nyuma yake, haitakuwa habari yake peke yake. Aombe kwa tajiri wake kazi ya yadi kwa sasa, kupokea mizigo na makaratasi, si kupanda juu ya kontena kufunga turubai. Suala la leseni alizungumze na daktari picha ya miezi sita itakapokuwa mezani.